Meza ya mninga, kabati la paina na benchi la barazani: upake nini juu ya kipi?

SWALI

Shikamoo fundi. Tulihamia Dodoma kutoka Dar es Salaam mume wangu alipohamishwa na wizara, sasa tunakaa Ilazo. Nina meza ya kulia ya mninga na viti vyake sita, zawadi ya mama mkwe. Vanishi imebabuka, kuna alama nyeupe za vikombe na moja nyeusi ya chungu cha maua, na tangu tufike huku katikati ya meza pamefunguka ufa unaoingia ukucha. Nina pia kabati la jikoni la paina lililopakwa rangi nyeupe ya mafuta. Imegeuka njano, na vifundo vya mbao vimejitokeza kama madoa ya kahawia. Barazani kuna benchi la mtiki linalopigwa jua tangu saa nne. Fundi wa kwanza anataka kupulizia laka kila kitu. Wa pili anasema tufunike vyote kwa rangi ya mafuta ya kahawia, ndiyo itakayodumu. Jirani ananiambia mafuta ya alizeti yanatosha. Nina mtoto wa miaka miwili na fedha si nyingi. Nifuate la nani?

JIBU

Marahaba, binti yangu. Kwa meza usimfuate yeyote kati ya hao watatu. Kwa viti unaweza kumfuata fundi wa kwanza kwa sharti moja nitakalokupa. Mafuta ya alizeti yarudi jikoni. Nitakueleza sababu zake, kwa maana mwenye mali akijua sababu hata fundi humfanyia kazi kwa adabu.

Nianze na lililonigusa zaidi, kufunika mninga kwa rangi ya kahawia. Tafadhali usikubali. Mninga wa misitu ya miombo ya Manyoni na Tabora hukua polepole, na mti uliotoa mbao za meza yako ulisimama msituni miaka mingi kabla mama mkwe hajaununua kama meza. Ni mbao tulivu. Ikikauka haipungui sana wala haipindi ovyo, ndiyo sababu meza za wazee bado zimekaa sawa hadi leo. Uzuri wake, ule wekundu wa kahawia wenye michirizi ya dhahabu, umo ndani ya mbao yenyewe. Ukishaufunika, umebaki na meza isiyotofautiana na ya paina. Na ukijuta baadaye, utakuta rangi imezama kwenye matundu ya mbao, na matundu ya mninga ni makubwa. Msasa hauitoi yote. Rangi ya kuficha tunaipaka mbao isiyo na sura, au kitu kilichoungwaungwa kwa vipande vya mbao tofauti. Katika nyumba yako hicho ni kabati la jikoni.

Kabla hujanunua kopo lolote, jua kwanza kuna nini juu ya mbao sasa hivi. Hili ndilo mafundi wengi hulipita, na kazi nyingi zinazobanduka baada ya miezi michache zimeanzia hapo. Inama chini ya ukingo wa meza au nyuma ya mguu, mahali pasipoonekana. Lowesha pamba kwa spiriti, ibonyeze hapo kwa dakika moja, kisha futa. Kama ngozi ya juu imelainika, inanata na pamba imetoka na rangi ya chai, hiyo ni shelaki, polishi ya zamani ya mafundi. Kama hakuna kilichotokea, rudia kwa thina ya laka. Ikiyeyuka na kunata, ni laka. Ikivimba na kukunjamana bila kuyeyuka, ni vanishi au rangi ya mafuta. Isipojali chochote, yaelekea ni vanishi ngumu ya kuchanganywa na hadina, yaani dawa ya kuikaza. Fanya jaribio hilo kwenye meza na kwenye kiti pia, kwa sababu viti huwa vinapelekwa kwa fundi peke yake na kurudi na kitu kingine.

Kwa nini nasisitiza? Thina ya laka ni kali. Ukipulizia laka juu ya rangi ya mafuta au vanishi ya mafuta, thina inazama chini, tabaka la zamani linavimba, na asubuhi unakuta uso wote umekunjamana. Kwa hiyo sharti la fundi wa kwanza ni hili: kama jaribio limeonyesha kwamba viti vina laka, avioshe kwa sabuni, avisugue kwa msasa namba 320 mpaka mng'ao ufe, kisha apulizie laka mpya. Laka mpya huyeyusha kidogo ile ya zamani na kushikana nayo, hivyo hakuna haja ya kubandua mpaka kwenye mbao. Kiti chenye fito nyingi kinapendeza kikipuliziwa kuliko kupakwa kwa brashi, na hapo utaokoa fedha na siku kadhaa za kazi. Kama jaribio limeonyesha vanishi ya mafuta, asithubutu laka. Viti visuguliwe vivyo hivyo na vipakwe vanishi ya mafuta ileile ya meza.

Meza ni jambo jingine. Meza ya kulia inawekewa sufuria la ugali lililotoka motoni, inamwagikiwa chai, inafutwa kwa kitambaa kibichi mara tatu kwa siku. Laka ya kawaida hulainika kwa joto na hutoka alama nyeupe kwa maji. Hizo alama za vikombe ulizo nazo ni unyevu ulionaswa ndani ya tabaka la juu, mbao yenyewe haijaguswa, na zitaondoka tabaka hilo likiondoka. Ile nyeusi ya chungu cha maua ni tofauti. Maji yamepenya hadi kwenye mbao, yakakutana na tanini, ile asidi ya asili iliyomo kwenye mbao, na chembe za chuma. Inatibiwa kwa asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, ikapakwa baada ya tabaka la zamani kutolewa, ikaachwa ikauke, kisha ikasuuzwa mara kadhaa. Ni sumu, kwa hiyo afanye fundi mwenye glavu, mtoto akiwa kwa jirani, na pale mahali pasipigwe msasa kabla ya kusuuzwa vizuri, kwa maana vumbi lake linachoma mapafu.

Juu ya meza hiyo nachagua vanishi ya poliyurethani ya mafuta, ya kung'aa kwa wastani. Inastahimili joto na maji kuliko laka, inapakwa kwa brashi bila kompresa, na makopo yake yanapatikana kwenye maduka ya rangi mjini. Ubaya wake ni kwamba ikichubuka huwezi kuiziba sehemu ndogo bila alama, lazima usugue uso wote na kurudia. Kwa meza ya familia yenye mtoto naona bado inafaa. Ile ya kung'aa sana siipendi kwa Dodoma, kwa sababu inaonyesha kila chembe ya vumbi iliyotua kabla haijakauka. Ya wastani ina unga wa kupunguza mng'ao ambao hutuama chini ya kopo, hivyo koroga taratibu kwa kijiti mpaka chini, na ukoroge tena kila baada ya muda. Usitikise kopo. Ukitikisa unaingiza mapovu yatakayogandia mezani.

Kutoa vanishi ya zamani kwenye meza bapa, chombo kizuri ni bamba la chuma lililonolewa, likivutwa kufuata nyuzi za mbao. Dawa ya kubandulia rangi inafanya kazi haraka, lakini mvuke wake si wa kuvuta ndani ya nyumba. Itumike uani, fundi akiwa upande unaotoka upepo. Kuna watakaokushauri kostiki soda ile ya kutengenezea sabuni. Ikatae. Inafanya mbao ngumu kuwa nyeusi na inalegeza gundi ya viungo. Baada ya kubandua, msasa namba 120, kisha 180, ukiishia 220. Mkono uende na nyuzi, usikate njia. Mkwaruzo wa kukata nyuzi hauonekani mbao ikiwa kavu, ila vanishi ikigusa tu unajitokeza. Ili uuone mapema, futa uso kwa kitambaa chenye waiti spiriti, ile ya kupunguzia rangi za mafuta, na uangalie kwa mwanga wa ubavu. Rangi utakayoiona mbao ikiwa imelowa hivyo ndiyo takribani rangi utakayoipata mwishoni, na nina hakika ukiiona hutataka tena kupaka dai yoyote (rangi ya kutia mbao) juu yake. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua kwa watu wengine, hivyo anayesugua avae barakoa.

Sasa jambo dogo ambalo limeharibu kazi nyingi nzuri. Fundi atataka kupiga sila kwanza, ile ya kuziba matundu ya mbao, kama alivyozoea kwenye laka. Sila nyingi zina unga wa sabuni ya zinki unaozifanya zisuguliwe kwa urahisi, na poliyurethani haishiki vizuri juu yake. Mwambie mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la kupaka, uwe vanishi ileile, iliyopunguzwa kwa waiti spiriti kiasi cha sehemu moja kwa kumi mpaka moja kwa tano. Hiyo inazama na kuziba matundu. Baada ya siku nzima, msasa namba 320 kidogo tu, futa vumbi, kisha mkono wa pili na wa tatu bila kupunguza. Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mzito. Ule mzito hukauka juu na kubaki mbichi ndani. Lita moja kwenye mbao iliyosuguliwa vizuri hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Meza juu na chini, pamoja na viti sita, ni kama mita 9, kwa hiyo makopo matatu ya lita moja yanakutosha kwa vyote, na kama viti vinapuliziwa laka, kopo moja kwa meza linatosha.

Nimesema juu na chini kwa makusudi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake, milimita 500 hadi 700 kwa mwaka wa kawaida, inanyesha karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine hewa ni kavu. Meza yako ilitengenezwa kwenye unyevu wa pwani, ikaja huku ikatoa maji yake, na ubao unapotoa maji hupungua upana huku urefu ukibaki karibu vilevile. Ufa wako umetoka hapo. Ukipaka vanishi juu tu, chini ya meza patavuta na kutoa unyevu haraka kuliko juu, na ubao utajikunja kama kigae. Mikono miwili chini inatosha.

Ufa wenyewe usiujaze pati wala unga wa mbao na gundi. Masika mbao itavimba, haitakuwa na pa kwenda, na itapasuka mahali pengine au kusukuma pati nje. Angalia umekaa wapi. Kama uko kwenye kiungo cha mbao mbili, gundi imeachia. Fundi afungue kiungo, asafishe gundi ya zamani, aunge upya na kukaza kwa klempu usiku kucha, kabla ya kubandua vanishi. Achungulie pia jinsi uso wa meza ulivyofungwa kwenye fremu. Kama umepigiliwa misumari au skrubu zisizoacha nafasi, atanue matundu ya skrubu yawe marefu kidogo ili mbao ipumue kulingana na msimu. Bila hilo ufa utarudi, hata upake vanishi ya bei gani.

Kuhusu wakati wa kupaka, ukiweza fanya kazi hii baada ya mvua kuisha na kabla pepo za katikati ya mwaka hazijawa kali. Ukichelewa, paka alfajiri, kwa kuwa mchana upepo unainua vumbi na joto linakausha vanishi kabla haijajisawazisha, ndipo unapoona mistari ya brashi. Fagia chumba jioni ya jana yake, nyunyizia maji sakafuni asubuhi kabla ya kufungua kopo, na usipake juani hata kidogo. Wakati wa mvua tatizo ni la laka: ikipuliziwa hewa ikiwa na unyevu mwingi hugeuka nyeupe kama ukungu. Fundi wa viti asubiri siku kavu.

Nije kwenye kabati. Rangi nyeupe ya mafuta iliyo ndani ya nyumba, mbali na jua, hugeuka njano kwa asili yake, hata ukinunua ya gharama. Madoa ya kahawia ni utomvu wa vifundo vya paina unaopenya rangi, na utaendelea kupenya hata upake mikono mitano. Dawa yake ni kuviziba vifundo kwa shelaki, mikono miwili, kabla ya rangi. Lakini kabla ya yote osha kabati kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, suuza, acha likauke. Jikoni kuna mafuta ya kukaangia yaliyogandia, na ukianza na msasa unayasukuma ndani, rangi mpya haitashika hapo. Kisha tumia msasa wa maji, ukisugua kwa kulowesha. Rangi za mafuta za zamani, hasa zile za rangi kali na nyeupe, huenda zina madini ya risasi, na vumbi la risasi ni hatari kubwa kwa ubongo wa mtoto wa umri wa mwanao. Kazi ifanyike nje akiwa hayupo, maji ya kusugulia yasimwagwe anapocheza, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Baada ya shelaki, mkono mmoja wa andakoti inayoshika juu ya rangi ya mafuta, kisha mikono miwili ya rangi ya akriliki ya maji ya kung'aa kwa wastani. Hiyo haigeuki njano. Soma kopo. Liwe limeandikwa kwamba ni rangi ya mbao na chuma. Ile ya maji ya ukutani, hata kama imebaki nyingi kutoka kwenye ujenzi, haifai. Inabaki laini, milango inagandana na fremu, na vyombo vinang'oa rangi vikikaa rafuni.

Alizeti sasa. Singida na Dodoma tumejaliwa alizeti nyingi, naelewa jirani amewaza nini. Ila mafuta yanayofaa mbao ni yale yanayogeuka kuwa ngozi ngumu yakikutana na hewa, kama mafuta ya kitani. Ya alizeti hukauka nusunusu na kwa muda mrefu mno, hivyo mbao inabaki na unato, vumbi la Dodoma linagandia humo, na baadaye vanishi haishiki. Kitu cha kwetu ninachokipendekeza kwa moyo wote ni nta ya nyuki ya Manyoni na Itigi. Iyeyushwe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya maji ya moto, mbali na moto wa wazi, ichanganywe na mafuta ya kitani au tapentaini, isuguliwe kwa kitambaa. Inafaa fremu za picha, kasha la nguo, kigoda. Meza ya kulia haifai, kwa kuwa nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na sufuria lina joto zaidi ya hapo. Na palipopakwa nta usipake vanishi juu yake.

Benchi la mtiki ni rahisi kuliko vyote. Mtiki una mafuta yake ya asili yanayolinda mbao. Vanishi isiyo na rangi juu ya mbao inayopigwa jua la mwinuko huu hubanduka kwa vipande, kwa sababu mwanga unapita na kuchoma mbao iliyo chini mpaka vanishi inakosa pa kushika. Mimi ningeliosha kwa sabuni, nilikaushe, nilipake mafuta ya kitani mara moja au mbili kwa mwaka, na kufuta ziada yote baada ya nusu saa. Ukiliacha bila chochote litageuka kijivu na bado litadumu. Miguu isiguse udongo, iwekee matofali, kwa ajili ya mchwa. Na kama mtu atakushauri oili chafu ya gari dhidi ya mchwa, mwambie hapana. Inachafua nguo za wageni, ina sumu inayopita kwenye ngozi, na hakuna rangi itakayoshika hapo tena.

Vitambaa vilivyofutia mafuta ya kitani visikunjwe na kutupwa pembeni. Vikikauka vikiwa vimekunjwa hupata joto vyenyewe na kuwaka bila kiberiti. Vitandaze juani uani, mbali na nyumba, au vizamishe kwenye ndoo ya maji. Vilevile mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini mpaka kwenye jiko la mkaa. Siku ya kupaka, pika kwa jirani.

Ukipatana na fundi, mwambie akufanyie kwanza jaribio la hatua zote kwenye kipande kimoja chini ya meza, ukione kikiwa kikavu, ndipo mpatane bei. Vanishi ya poliyurethani ikikauka kwa mguso bado haijakomaa. Meza itumieni kwa uangalifu baada ya siku tatu, wekeni vyombo vya moto juu ya mikeka, na kile kitambaa cha plastiki kikae kabatini kwa wiki nne, maana kikitandikwa mapema kitagandana na vanishi. Milango ya kabati nayo iache wazi siku tano, usiku mwekee mtoto kizuizi.